Bima Ikishalipa Bili ya Hospitali, Fidia ya Ajali Ni ya Nani?

Mtu anayegongwa na matatu au bodaboda katika Barabara ya Naivasha jijini Nairobi, inayopitia Riruta Satellite na Kawangware, ana haki ya kumdai aliyemjeruhi kwa uzembe fidia ya jumla kwa maumivu na ulemavu, ambayo mahakama huikadiria, pamoja na fidia maalum kwa gharama halisi za matibabu. Hii ya pili haikadiriwi, kwani Mahakama ya Rufaa ya Kenya ilisisitiza mwaka 1985, katika kesi ya Hahn dhidi ya Singh, kwamba sharti itajwe bayana katika madai na ithibitishwe kikamilifu, na hapo ndipo thamani ya kila risiti inapoonekana.

Utata huzuka pale bili inapokuwa imekwisha kulipwa na bima ya afya, labda ile aliyokatiwa majeruhi na mwajiri wake. Kisheria, bima iliyolipa gharama hushika nafasi ya majeruhi na kudai, kwa jina la majeruhi huyo, kiasi ilichotoa. Kanuni hii, iliyofafanuliwa nchini Uingereza katika kesi ya Castellain dhidi ya Preston ya mwaka 1883, inakusudia aliyekosa asiponyoke mzigo wake, na aliyeumia asilipwe mara mbili kwa hasara ileile. Bima ya ajali ya mtu binafsi, inayotoa kiasi kilichopangwa tangu mwanzo bila kujali bili, kwa kawaida haimo katika kanuni hiyo.

Kwa kuwa bima haipati haki zaidi ya zile alizo nazo majeruhi, yeye akipokea fedha kidogo kutoka kwa mwenye gari na kutia sahihi hati ya kumaliza madai, huifungia bima yake njia, na huenda akadaiwa na bima hiyohiyo. Vilevile, muda wa miaka 3 uliowekwa na Sura ya 22 ya Sheria za Kenya, inayohusu ukomo wa muda wa madai, kwa madai ya uzembe huwabana wote wawili.

Suala zito zaidi ni pale fedha zisipotosha. Sura ya 405 ya Sheria za Kenya, inayohusu bima ya magari, hailazimishi bima ya gari kulipa zaidi ya shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja, na kinachozidi hudaiwa mwenye gari, ambaye pengine hana mali. Majimbo mengi ya Marekani huizuia bima ya afya kuchukua chochote kabla ya majeruhi kufidiwa kikamilifu, mkataba usiposema vinginevyo. Huo ndio uadilifu unaostahili kuandikwa katika mikataba ya Kenya, kwa kuwa bima ilipokea ada ili ibebe hatari ya gharama za matibabu, ilhali aliyevunjika mguu hakulipwa na yeyote ili aumie. Kwa hiyo, kabla ya kukubali malipo yoyote, majeruhi aiarifu bima yake, asome kipengele cha kuirejeshea bima fedha katika mkataba, na amtake wakili ajumuishe bili zote katika kesi moja.