Je, Wajua? Wauza Watu Walivyofika Hadi Kiti cha Meya

Je, wajua kwamba mnamo Februari 5, 2025 Thailand ilikata umeme, intaneti na mafuta kwa sehemu tano za nchi jirani ya Myanmar kwa sababu ya wauza watu? Uamuzi huo haukutoka polisi. Ulitoka kwenye Baraza la Usalama wa Taifa la Thailand, na hapo ndipo penye funzo kwetu.

Ng'ambo ya mto Moei ulio mpakani mwa nchi hizo mbili, kuzunguka mji wa Myawaddy, kumekuwa na makambi yenye kuta ndefu kama KK Park na Shwe Kokko. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu wasiopungua 120,000 nchini Myanmar wanalazimishwa kufanya utapeli wa mtandaoni. Wamo Wakenya, Waganda na Waethiopia. Safari huanza na ahadi ya kazi Bangkok, mara nyingi ya kuhudumia wateja kwa simu. Kijana anashuka uwanja wa ndege, gari linampokea, lakini mjini haliishii: linakwenda saa nyingi hadi Mae Sot, mpakani. Usiku anavushwa mto. Pasipoti inachukuliwa. Asubuhi anakabidhiwa simu kadhaa, picha za mrembo asiyemjua, na maneno yaliyoandikwa tayari ya kumtongozea mtu wa mbali.

Wachina wanaouendesha wanauita utapeli huu "kuchinja nguruwe". Anayetapeliwa hunoneshwa kwa wiki kadhaa za maneno matamu, kisha hushawishiwa kuweka akiba yake yote kwenye sarafu ya mtandaoni isiyokuwepo. Na kijana asiyefikisha kiwango alichopangiwa hupigwa, au hupigwa shoti ya umeme. Mmoja anaibiwa fedha, mwingine anaibiwa utu, na aliyewaibia wote wawili ni yule yule.

Je, wajua fedha hizo zinakwenda wapi? Mei 2025 Marekani iliwawekea vikwazo kundi lenye silaha la Karen National Army na kiongozi wake Saw Chit Thu, ikisema kundi hilo huwakodisha matapeli ardhi, huwauzia umeme na kuwapa ulinzi. Maana yake ni kwamba jasho la kijana wa Nairobi linalisha watu wenye bunduki wasiowajibika kwa raia yeyote.

Lakini kisa kinachonisumbua zaidi ni cha Bamban, mji mdogo wa mkoa wa Tarlac, Ufilipino. Machi 2024 vikosi vya serikali vilivamia majengo yaliyokuwa nyuma kabisa ya ofisi za mji na kukuta mamia ya watu wakitumikishwa katika utapeli. Ardhi ile ilihusishwa na meya mwenyewe, Alice Guo, aliyechaguliwa mwaka 2022. Maseneta walipomhoji kuhusu utoto wake, majibu yalikuwa haba: alikulia shambani, alisomea nyumbani. Ikabainika kwamba kuzaliwa kwake kulisajiliwa akiwa tayari mkubwa. Kisha wapelelezi wakalinganisha alama za vidole vyake, zikalandana na za Guo Hua Ping, raia wa China. Alitoroka nchi, akakamatwa Indonesia Septemba 2024, na Novemba 2025 mahakama ikamhukumu kifungo cha maisha kwa biashara ya binadamu.

Fikiria: cheti cha kuzaliwa, pasipoti, kura, kiti cha umeya. Kila mlango ambao taifa hutumia kumtambua mtu wake ulipitika. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoliona jambo hili kuwa la ustawi wa jamii peke yake. Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lenyewe, kwa azimio namba 2331 la Desemba 2016, liliihusisha biashara ya binadamu na ugaidi na vita.

Kwa hiyo, ndugu msomaji, mwanao au jirani yako akiambiwa kuna kazi nje, usione haya kuuliza. Visa ya utalii haimruhusu mtu kuajiriwa. Kenya, mawakala wa ajira husajiliwa na Mamlaka ya Taifa ya Ajira. Tanzania, leseni zao hutolewa na Kamishna wa Kazi. Ulizia jina la wakala huko kabla hamjauza shamba kulipa nauli.