Hofu Mbili Mbele ya Sheria: Mjadala wa Bastola Zilizofichwa Katika Vyuo Vikuu vya Texas

1.0 Utangulizi

Tarehe 1 Agosti 1966, mtu mmoja alipanda mnara wa Chuo Kikuu cha Texas mjini Austin, Marekani, akawafyatulia risasi watu waliokuwa chini. Miaka 50 baadaye, tarehe 1 Agosti 2016, ilianza kutumika sheria inayowaruhusu wenye leseni kubeba bastola zilizofichwa ndani ya majengo ya vyuo vikuu vya umma vya jimbo hilo. Makala haya yanafafanua mjadala ulioizunguka sheria hiyo. Hoja kuu ni kwamba pande zote mbili zilisimama juu ya hofu ya jambo ambalo huenda lisitokee. Hata hivyo, hofu ya upande mmoja iligeuzwa kuwa haki, na ya upande wa pili ikakosa pa kusikilizwa.

2.0 Sheria na Mipaka Yake

Sheria hiyo, iliyotokana na Muswada wa Seneti Namba 11, ilitiwa saini na Gavana Greg Abbott mwaka 2015. Kabla yake, mwenye leseni aliweza kubeba bastola katika njia na maegesho ya chuo, ila si ndani ya majengo. Leseni yenyewe wakati huo kwa kawaida ilitolewa kwa aliyetimiza umri wa miaka 21. Vyuo binafsi viliruhusiwa kujitoa, na karibu vyote vilijitoa. Vyuo vya umma vilipewa uwezo wa kuweka kanuni za busara kuhusu maeneo fulani, mradi kanuni hizo zisiwe katazo la jumla.

Ikumbukwe kuwa Katiba haikuilazimisha Texas kuchukua hatua hiyo. Katika shauri la Heller la mwaka 2008, Mahakama ya Juu ya Marekani ilitambua haki ya mtu binafsi kumiliki silaha, lakini ikasema pia kwamba uamuzi wake haupaswi kutilia shaka makatazo ya silaha katika maeneo nyeti kama shule. Uamuzi wa Texas, kwa hiyo, ulikuwa wa kisiasa.

3.0 Hofu ya Anayebeba

Watetezi wa sheria walirejelea mauaji ya Virginia Tech ya tarehe 16 Aprili 2007, ambapo watu 32 waliuawa katika chuo kilichokuwa kimekataza silaha. Kwa maoni yao, katazo halimzuii aliyekusudia kuua; humwacha mikono mitupu yule tu anayetii sheria. Waliongeza kuwa mwenye leseni hubeba bastola dukani na barabarani bila tatizo, hivyo hakuna sababu ya kumshuku avukapo kizingiti cha darasa.

Wapinzani walijibu kwamba askari anayewasili katikati ya mashambulizi hawezi kumtofautisha mshambuliaji na mwokoaji mwenye bastola mkononi. Walitaja pia hatari ya kujiua, kwa kuwa anayejaribu kujiua kwa bunduki ni nadra kunusurika. Miongoni mwao alikuwamo William McRaven, kiongozi wa Mfumo wa Vyuo Vikuu vya Texas wakati huo na admirali mstaafu aliyewahi kuongoza vikosi maalumu. Upinzani, basi, haukuwa wa wageni wa silaha pekee.

4.0 Hofu ya Anayefundisha

Uzito wa suala hili umo katika neno "iliyofichwa". Silaha isiyoonekana haimtishi mtu mmoja anayejulikana. Huifanya kila sura darasani iwezekane kuwa ya aliyejihami. Wahadhiri watatu wa Austin walifungua shauri, Glass dhidi ya Paxton, wakidai kuwa hali hiyo inawalazimisha kujinyamazisha katika mada zenye ubishi. Mwaka 2018, Mahakama ya Rufani ya Shirikisho, Kanda ya Tano, iliamua kwamba hawakuwa na sifa ya kufungua dai hilo, kwa kuwa madhara waliyoyaeleza yalitegemea makisio kuhusu matendo ya watu wengine.

Hapa ndipo ulinganifu unapovunjika. Hofu ya mbebaji nayo hutegemea makisio kuhusu matendo ya watu wengine. Tofauti ni kwamba bunge huweza kutunga sheria kwa kuzingatia uwezekano tu, ilhali mahakama hudai madhara yaliyo dhahiri. Aliyeshindwa bungeni hakuweza kuipeleka hofu yake kortini.

5.0 Hitimisho

Mjadala huu hauwezi kufungwa kwa takwimu za usalama pekee, kwa sababu unahusu pia nani abebe mzigo wa mashaka. Kanuni za Austin zinaudhihirisha mgawanyo huo: mhadhiri aliyepewa ofisi ya peke yake anaweza kuzuia bastola humo, mradi amwarifu anayeingia; darasani, mahali mabishano ya kitaaluma yanapopaswa kuwa makali zaidi, hana uwezo huo. Mtafiti wa uhuru wa kitaaluma anapaswa kuanzia hapo: kuchunguza kinachosemwa, na kinachoachwa bila kusemwa, katika chumba ambacho mwalimu hana mamlaka ya kuuliza nani amebeba nini.