Samurai wa Japani

Siku hizi watoto wengi huwajua samurai kwa kuwaona katika michezo ya video, na katika katuni za Kijapani ziitwazo anime. Humwona mtu aliyevaa deraya, upanga mkononi, akiwapiga adui kumi peke yake wala asichoke. Picha hizo hupendeza macho. Je, samurai wa kweli walikuwa watu wa namna gani?

Neno samurai asili yake ni kutumikia. Walikuwa askari waliowatumikia wakubwa wa nchi, na hapo kwanza silaha yao kuu ilikuwa upinde. Samurai alipanda farasi, akapiga mishale huku farasi yu mbio, na kazi hiyo alijifunza tangu utoto. Hata mwenendo wao uliitwa njia ya upinde na farasi. Upanga alikuwa nao, akautumia adui alipomkaribia.

Mwaka 1274 jeshi kubwa la Wamongolia lilivuka bahari kwa merikebu, likashuka katika kisiwa cha Tsushima. So Sukekuni alitoka kuwakabili, naye alikuwa na wapanda farasi wapatao 80 tu. Walipigana mpaka wakafa, na kisiwa kikatekwa. Kwa habari hiyo mafundi wa Marekani walitengeneza mchezo uitwao Ghost of Tsushima, uliotolewa mwaka 2020. Humo kijana Jin Sakai aokoka vitani, kisha apigania kukikomboa kisiwa, na mara nyingi silaha yake ni upanga. Kijana huyo ni wa kubuniwa. Tena hutunga mashairi mafupi ya haiku, nayo yalizuka miaka mingi baada ya vita vile.

Liko jambo jingine ambalo michezo hailionyeshi sana, nalo ni amani. Tangu karne ya 17, chini ya utawala wa ukoo wa Tokugawa, Japani ilikaa zaidi ya miaka 200 karibu bila vita. Samurai waliendelea kuvaa panga mbili kiunoni, lakini wengi wakawa makarani, wasimamizi wa kodi na waalimu. Mshahara wao ulihesabiwa kwa mchele. Wale wa daraja ya chini haukuwatosha, na wengine walitengeneza miavuli nyumbani ili wapate kuwalisha watoto wao.

Mwaka 1868 utawala wa Tokugawa ulikwisha. Serikali mpya ikaunda jeshi la watu wote, hata wana wa wakulima. Mwaka 1876 samurai walikatazwa kuvaa panga hadharani, na ule mshahara wa ukoo ukakomeshwa. Wengi walihuzunika sana, kwa kuwa walipoteza heshima na riziki pamoja. Mwaka 1877 samurai wa Satsuma, wakiongozwa na Saigo Takamori, waliasi, wakashindwa na jeshi lile lile jipya.

Anime iitwayo Rurouni Kenshin, iliyoanza kuonyeshwa mwaka 1996, yasimulia habari za mwaka 1878. Shujaa wake alikuwa muuaji zamani, akaapa asiue tena. Naye huchukua upanga wenye makali upande wa nyuma. Mtu huyo na upanga wake ni hadithi tu, lakini taabu yake ilikuwa ya kweli kwa wengi: aliyefundishwa vita tangu utoto atafanya nini vita vikiisha?

Basi mwenye kupenda mchezo na aucheze. Kisha afungue kitabu cha historia. Katika mchezo shujaa akifa huanza tena. Wale 80 wa Tsushima hawakurudi nyumbani.

Maswali
1. Silaha kuu ya samurai wa kwanza ilikuwa nini?
2. Taja mambo mawili ya kubuniwa katika michezo na anime zilizotajwa.
3. Kwa nini samurai wengine walitengeneza miavuli?
4. Samurai walipoteza nini mwaka 1876?