Jenga bafu ukiukumbuka uzee

Unapojenga nyumba, wakumbuke wazazi watakaokuja kuishi nawe, na pia miguu yako mwenyewe miaka 30 ijayo. Sakafu yenye maji na sabuni huwaangusha hata vijana, lakini mzee akianguka aweza kuvunjika nyonga. Siku moja utahitajika mkono wa chuma wa kujishikilia, kando ya choo na mahali pa kuogea.

Uzito wa mtu hubebwa na ukuta wenyewe, wala si vigae. Ukuta wa mawe hushika boliti vizuri. Kama ni matofali ya saruji yenye matundu, mwambie fundi ayajaze zege sehemu hizo, kuanzia sentimita 75 hadi 100 kutoka sakafuni. Kama ni ukuta wa mbao, apigilie ubao mnene ndani kabla ya kuufunika. Mabomba na nyaya za umeme vipitishwe kwingine.

Kabla ya plasta, pima na upige picha, kisha uziweke pamoja na ramani ya nyumba. Ukingoja, itakubidi ubomoe vigae. Na usidanganyike: chuma cha kutundikia taulo hakimbebi mtu.