Mwanga unaijua picha, ila kikombe kikigeuka unachanganyikiwa

Chukua kikombe cha chai, kizungushe mpaka mkono wake ufichike nyuma. Wewe bado unajua ni kilekile. Kwa mashine inayotambua vitu kwa mwanga, hapo ndipo shughuli inapoanza.

Inafanyaje kazi? Mwanga wa leza unapita kwenye picha, halafu kwenye lenzi. Pale mwanga unapokusanyika huoni picha tena, unaona madoa yanayoeleza mistari yake ni minene au myembamba kiasi gani na imeelekea wapi. Hilo ni badiliko la Fourier. Kompyuta inalikokotoa, lenzi inalifanya bure, mwanga ukiwa unapita tu.

Mwaka 1964 VanderLugt, mtafiti wa Marekani, alionyesha jinsi ya kuweka hapo kichujio kilichotengenezwa kama hologramu ya kitu unachokitafuta. Kitu kikiwemo kwenye picha, lenzi ya pili inatoa nukta kali mahali kilipo. Kikisogea kushoto, nukta inasogea nacho.

Safi. Sasa kizungushe digrii chache tu: nukta inafifia.

Lakini kuna mizunguko ya aina mbili, tusiichanganye. Picha bapa ikizunguka mezani kama mshale wa saa, hakuna kilichopotea. Ndiyo maana mwaka 1982 Hsu na Arsenault waliweza kuigawa picha katika sehemu za kimduara na kutumia moja tu, ambayo ukali wa nukta yake haubadiliki hata picha izunguke vipi.

Kikombe ni habari nyingine. Kikigeuka, upande mmoja unajificha na mwingine unatokea. Hakuna hesabu itakayokupa upande ambao picha haikuuona. Inabidi uufundishe. Mwaka 1980 Hester na Casasent walieleza namna ya kuunganisha picha za pande nyingi katika kichujio kimoja, zote zitoe nukta yenye ukali sawa.

Ila kuna gharama: kadiri unavyoongeza pande, ndivyo nukta za uongo zinavyoweza kujitokeza, na kichujio kinaanza kukubali hata visivyo vikombe. Kumbuka teknolojia hii ilitafutwa sana kwa ajili ya kutambua shabaha za kijeshi. Kuchanganya kifaru na lori la mizigo si kosa dogo.

Kwa hiyo ukisikia mashine "inatambua kitu kikiwa upande wowote", uliza: ilionyeshwa pande ngapi, na inakataa nini?