Aliulizwa Kama Anaona

Katika Injili ya Marko sura ya 8 kuna swali ambalo tukisoma haraka linatupita. Yesu anamshika mkono kipofu wa Bethsaida, anamtoa nje ya kijiji, anamwekea mikono, kisha anamuuliza kama anaona kitu. Yule mtu anajibu kwa ukweli: anaona watu, ila wanafanana na miti inayotembea. Bwana anamwekea mikono tena, ndipo anaona sawasawa.

Aliyemgusa ni Mwana wa Mungu, na bado alikagua. Wala kipofu hakukemewa kwa kusema kwamba haoni vizuri.

Nina sababu ya kulileta hili. Ipo saratani ya jicho inayowapata watoto wadogo, wengi wao kabla ya kutimiza miaka 5. Madaktari huiita retinoblastoma. Mara nyingi mama ndiye anayeiona kwanza, pengine kwenye picha ya simu iliyopigwa kwa flashi: jicho moja limetoa wekundu wa kawaida, jingine linang'aa weupe kama la paka gizani. Wengine huanza na kengeza.

Karibu watoto 4 kati ya 10 wenye ugonjwa huu wana aina ya kurithika, yaani hitilafu katika jeni iitwayo RB1 imo mwilini mwao mwote. Wengi wao ni wa kwanza katika ukoo. Lakini mtoto huyo akikua na kuzaa, kila mtoto wake ana nafasi 1 kati ya 2 ya kuirithi. Mwaka 1971 daktari wa Marekani, Alfred Knudson, alieleza kwamba uvimbe huu huhitaji mapigo mawili ndani ya chembe ya jicho. Aliyerithi amezaliwa na pigo la kwanza tayari, kwa hiyo kila sehemu ya retina inangoja moja tu. Ndiyo maana mahali palipokuwa safi mwezi uliopita panaweza kuota uvimbe mwezi huu.

Na ndiyo maana daktari anaandika tarehe nyingine kwenye kadi. Mtoto huangaliwa tangu wiki za kwanza, kila baada ya wiki chache, kisha miezi, hadi afike kama miaka 7. Akishakuwa mkubwa kidogo hulazwa kwa dawa ya usingizi ili retina yote ionekane. Mama aliyewahi kukaa Muhimbili au KCMC na mtoto anayelia njaa tangu alfajiri, kwa sababu haruhusiwi kula kabla ya usingizi ule, hahitaji kuelezwa uchovu wake. Nauli ya basi, mahali pa kulala, kibarua kilichoachwa. Halafu jibu linatoka: hakuna kitu. Safari ya tano, hakuna kitu. Ya sita anajiuliza anakwenda kufanya nini.

Kwetu waumini kuna kikwazo kingine. Mama huyo alisimama mbele ya kanisa akashuhudia kwamba mwanawe amepona, tukapiga makofi na vigelegele. Sasa akionekana stendi na kadi ya kliniki, anaogopa tutasema amerudisha ushuhuda wake nyuma. Nadhani woga huu umezuia safari nyingi kuliko nauli. Lakini alichoshuhudia kilikuwa kweli: siku ile jicho lilikuwa safi. Akienda tena na kukuta ni safi, ana ushuhuda wa pili. Akikuta uvimbe mdogo, bado unaweza kuchomwa kwa leza au kugandishwa, na jicho likabaki. Uliocheleweshwa hulazimu jicho kutolewa, na ukitoka nje ya jicho unafuata uhai wenyewe.

Halafu kuna maneno ya nyumbani. Huu ugonjwa ni wa ukoo wa nani? Katika Yohana 9 wanafunzi waliuliza swali la namna hiyo kuhusu mtu aliyezaliwa kipofu, kama ametenda dhambi yeye au wazazi wake, na Yesu akakataa yote mawili. Siku hizi ibada za kuvunja laana za ukoo zinajaza watu. Omba, ndugu yangu, lakini usimwite mtoto laana kwa sababu ya jeni, na kadi usiichane.

Pale ambapo kipimo cha vinasaba kinapatikana na hitilafu ya mzazi inajulikana, mtoto ambaye hakuirithi hupumzishwa safari hizi zote. Uliza. Na kamati zetu, zinazojua kuchangisha harusi ndani ya wiki mbili, zingeweza kubeba nauli ya mama mmoja kwa mwaka bila kutangaza jina lake.

Wewe uliyetolewa jicho utotoni, maumivu ya mfupa au uvimbe usioisha usiyazoee. Aliyerithi hubaki na hatari ya saratani nyingine ukubwani. Na kama sasa mnatarajia mtoto, usingoje azaliwe. Waambie kliniki ya wajawazito, hata kama hakuna aliyekuuliza. Karatasi za zamani kama zipo kwa mama, zifuate. Mtoto aonwe na daktari wa macho katika wiki zake za kwanza, hata kama siku ya kumleta kanisani bado haijapangwa.