Gari la Kale Katika Picha ya Ukoo

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, picha za zamani huhifadhiwa na akina mama: ndani ya kasha, chini ya leso zilizokunjwa, au katika albamu ambayo kurasa zake zimeanza kugandana. Wengi wa waliomo wamekwisha kutangulia mbele ya haki, na wanaoweza kuwataja kwa majina wanapungua kila mwaka. Nyuma ya picha hapana jina wala tarehe. Hata hivyo, mara nyingi pana shahidi mmoja ambaye hatumuulizi, naye ni gari lililoegeshwa nyuma ya watu. Likiwa ni gari la Kimarekani, ushahidi wake huwa na nguvu zaidi, kwa kuwa viwanda vya Marekani, hasa baada ya miaka ya ishirini, vilikuwa na desturi ya kubadili sura ya magari yao takriban kila mwaka.

Huenda msomaji akauliza: jambo hili lina faida gani kwa familia? Natupige mfano. Nyumba moja ina picha ya babu amempakata mtoto mchanga, na watu wote husema ni picha ya 1950, kwa hivyo mtoto ni ami mkubwa. Lakini gari lililo nyuma yao lina taa nne mbele, mbili kila upande. Magari ya Marekani ya namna hiyo yalianza kutoka 1957, na 1958 yakaenea. Basi picha haiwezi kuwa ya 1950, na mtoto hawezi kuwa ami mkubwa, ambaye wakati huo alikwisha kuwa mwanafunzi wa chuoni. Labda ni ndugu yake aliyefariki angali mdogo, ambaye mama yake hakubakiwa na picha yake nyingine. Jambo dogo kama taa za gari laweza kumrudishia mtoto huyo jina lake.

Kanuni ya kwanza ni hii: gari hutupa mwanzo wa tarehe, halitupi mwisho wake. Picha haiwezi kupigwa kabla gari halijaundwa, bali yaweza kupigwa miaka mingi baadaye. Katika mji wa Havana, nchini Cuba, magari ya Kimarekani ya miaka ya hamsini yanaendeshwa hata leo. Kwa hivyo tuseme "si kabla ya 1957", wala tusiseme "ni ya 1957", mpaka tupate dalili nyingine.

Kanuni ya pili ni kutazama umbo zima kabla ya kutafuta jina. Gari lililosimama wima kama sanduku, lenye kioo cha mbele kilichonyooka, madigadi yaliyojitenga na magurudumu yenye njiti za mbao, huwa ni la mwanzo wa karne iliyopita. Mashuhuri kati ya hayo ni Ford Model T, iliyoundwa tangu 1908 hadi 1927, zaidi ya magari milioni 15. Rejeta yake ikiwa ya shaba inayong'ara, gari hilo ni la kabla ya toleo la 1917. Katika miaka ya thelathini mwili ulianza kuviringana, na kufikia mwisho wa muongo huo taa zilikuwa zikiingizwa ndani ya madigadi badala ya kusimama peke yake kama macho ya kaa. Ford ya 1949 ilikuja na ubavu ulionyooka toka mbele hadi nyuma, na katikati ya uso wake pana kitu cha duara kilichochongoka kama ncha ya risasi. Kisha yakaja mapezi ya nyuma: Cadillac iliyaanza 1948 yakiwa madogo, na 1959 yakafikia kimo kisichopata kuzidiwa.

Baada ya umbo, zitazamwe alama za chapa. Matundu ya duara kwenye ubavu wa mbele ni alama ya Buick tangu 1949. Mistari ya fedha iliyopita juu ya boneti ni ya Pontiac, kuanzia 1935 hadi 1956. Chevrolet za 1955, 1956 na 1957 huwachanganya wengi, lakini wavu wa mbele wa 1955 ni mfupi, wa 1956 umeenea uso mzima, na ya 1957 ina mapezi yaliyochongoka nyuma.

Ipo mitego pia. Mwezi wa Februari 1942 Marekani ilisimamisha uundaji wa magari ya raia kwa sababu ya vita, na ulipoanza tena 1945, viwanda vingi viliuza maumbo yale yale ya 1942 yaliyobadilishwa kidogo tu. Kwa hivyo magari ya 1946 hadi 1948 yataka kutazamwa kwa makini. Jambo jingine ni usukani. Marekani usukani huwa kushoto, ilhali kwetu huwa kulia. Magari mengi ya Ford yaliyoletwa katika makoloni ya Waingereza yalitoka Kanada, kwenye tawi lililounda ya usukani wa kulia. Picha ya Mombasa ikionyesha usukani wa kushoto, kwanza tazameni maandishi ya dukani au nambari ya gari: yakisomeka kinyume, picha imechapwa kwa kugeuzwa. Yakisomeka sawa, huenda picha ilipigwa nchi nyingine, kama vile Jeddah katika safari ya Hija.

Tunawashauri akina mama na vijana wafanye kazi hii pamoja. Chukueni kioo cha kukuzia, mtazame taa, wavu wa mbele, kioo na magurudumu, kisha mfananishe na picha za magari ambayo mwaka wake unajulikana. Mkiwauliza wazee, msiwatangulizie jibu. Msimwambie bibi, "Huyu ni ami, sivyo?" Mwulizeni, "Huyu ni nani, na gari hili lilikuwa la nani?" Mara nyingi mzee aliyesahau mwaka hukumbuka gari, na akishalikumbuka gari humkumbuka dereva, safari na waliokuwemo.

Mkipata jibu, liandikeni nyuma ya picha kwa penseli laini, bila kukandamiza: majina, mahali, mwaka usiotangulia gari, na jina la aliyetoa habari. Palipo na shaka andikeni "labda". Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na picha hizi ni mali ya wajukuu. Anzeni na wazee ambao bado tunao, wiki hii ikiwezekana.